Kuachia wimbo mtandaoni hadi pesa ikufikie: mwongozo kamili kwa msanii asiye na lebo

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wasanii wanaojisimamia ni lilelile: wimbo upo YouTube, upo Boomplay, upo Spotify, bodaboda wote wa mtaa wanaupiga, mbona pesa haiji? Ukifuatilia, mara nyingi wimbo hauna kosa. Pesa ilitoka kweli, ila ilipofika njiani ikakuta jina limeandikwa vibaya, au akaunti ni ya mtu mwingine, au biti ina wenyewe. Ikakwama hapo.

Mwongozo huu unafuata wimbo mmoja tu, kuanzia studio hadi muamala. Ufuate kwa mpangilio. Hatua ya 1 na ya 3 ndizo watu wanazoziruka zaidi, na ndizo zinazoua zilizobaki.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Faili la WAV la wimbo uliomiksiwa na kumastiwa, 16-bit au 24-bit, 44.1 kHz. MP3 uliyoigeuza kuwa WAV haisaidii. Sauti iliyokwisha kukatwa hairudi.
- Toleo la biti (muziki wa nyuma) tupu, bila sauti ya mwimbaji. Utaliomba leo bure. Ukilihitaji mwakani kwa tangazo au shoo ya TV, kompyuta ya studio itakuwa imeshafutwa.
- Kava ya mraba, pikseli 3000 kwa 3000, JPG. Isiwe na namba ya simu, nembo za mitandao, wala picha uliyoiokota Google.
- Maneno ya wimbo yaliyochapwa.
- Majina ya kwenye kitambulisho ya kila aliyeshiriki.
- Barua pepe mpya ya kazi ya muziki peke yake, yenye ulinzi wa hatua mbili, pamoja na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, na namba ya mlipakodi: TIN kwa Tanzania, KRA PIN kwa Kenya.
- Akaunti ya benki yenye jina lilelile la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Faili lako kama bado linaitwa "final_final2_mpya", libadilishe sasa: jina la msanii, jina la wimbo, tarehe. Wasanii wameshaachia toleo lenye makosa kwa sababu ya jina la faili tu.

## Hatua ya 1: Gawaneni asilimia kabla wimbo haujatoka studio

Fanyeni hivi siku ya kurekodi, wimbo ukiwa bado hauna thamani yoyote. Watu hugawana vizuri kitu ambacho hakijazaa. Ukisubiri hadi wimbo ukubalike kwa watu, utaona prodyuza, aliyekupa kiitikio na rafiki aliyelipia studio kila mmoja akidai nusu.

Elewa kwanza kwamba wimbo mmoja ni mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyomo kwenye faili. Bendi ikiimba wimbo wako upya harusini inatumia utunzi wako. Redio ikipiga faili lako inatumia vyote viwili. Pesa za mali hizi hupita njia tofauti, kwa hiyo karatasi yenu iwe na sehemu mbili, na kila sehemu ifike 100 peke yake. Mfano:

- Rekodi: mwimbaji 60, prodyuza 40.
- Utunzi: mwimbaji 50, aliyetunga kiitikio 30, prodyuza aliyebuni melodi ya biti 20.

Chini yake wekeni jina la wimbo, tarehe, majina ya vitambulisho, namba za simu na saini. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Upigeni picha na mtumiane WhatsApp palepale.

Kuhusu biti, muulize prodyuza swali moja kwa maandishi: nimeinunua iwe yangu peke yangu, au nimeikodi? Biti nyingi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni ni za kukodi, na watu kadhaa wanaweza kuwa wameimbia biti hiyohiyo. Kuiimbia unaruhusiwa, ila hatua ya 6 itakubana. Na kama wimbo una kipande kilichokatwa kutoka taarab au dansi la zamani, mtafute mwenye haki kabla ya kuachia. Uzee wa wimbo haumaanishi hauna mwenyewe.

Onyo: "tutaelewana tu mbele ya safari" ndiyo sentensi ghali kuliko zote studio.

Umefanikiwa ikiwa: kila aliyeshiriki ana picha ya karatasi kwenye simu yake na hakuna aliyenuna.

## Hatua ya 2: Sajili wimbo

Tanzania Bara nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe kama msanii unasajiliwa BASATA, baraza la sanaa. Zanzibar, ya hakimiliki ni COSOZA. Kenya, KECOBO, bodi ya hakimiliki, ina mfumo wa kusajili kazi kupitia tovuti. Uganda, chama cha mirabaha (malipo ya kazi yako kutumiwa) ya watunzi ni UPRS.

Sababu ya kujisumbua ni hii: msambazaji wa mtandaoni, yaani kampuni inayoupeleka wimbo Spotify na kwingineko, tutakayemfikia hatua ya 4, hakusanyi pesa za redio, baa, hoteli na mabasi. Hizo zinapitia vyama vya kukusanya mirabaha. Kenya mfumo umegawanyika kwa aina ya haki: watunzi wana chama chao, KAMP ni ya wenye rekodi, PRISK ni ya waimbaji na wapigaji ala. Leseni za vyama hivyo zimegombaniwa hadi mahakamani, kwa hiyo kabla hujalipa ada yoyote angalia KECOBO ni vyama gani vina leseni mwaka huu. Tanzania uliza COSOTA swali hilohilo.

Umefanikiwa ikiwa: una cheti au namba ya usajili yenye jina la wimbo na majina ya watunzi wote, si lako peke yako.

## Hatua ya 3: Jenga njia ya pesa kabla ya kupeleka wimbo

Wengi hufanya kinyume. Wimbo unatoka, unapigwa, kisha ndipo mtu anaanza kutafuta pesa itaingilia wapi. Kipindi hicho ndicho anapojitokeza rafiki mwenye kadi.

Rafiki mwenye kadi ni yule binamu aliyeko Dubai au Minnesota, au jamaa wa mtaani mwenye VISA, anayekuambia "nitakufungulia kwa jina langu, hela ikiingia nakutumia". Hata akiwa mwaminifu kama nini, kisheria akaunti ni yake, ripoti ni zake na kodi ni yake. Akibadilisha simu, akifariki au mkikosana, huna pa kushika. Fungua kwa jina lako, hata kama itachukua wiki mbili zaidi. Kadi ya mtandaoni ya benki au ya kampuni ya simu inatosha kulipia ada ya msambazaji.

Kwa upande wa kupokea, angalia mambo matatu.

Njia ya malipo. Wasambazaji wengi hulipa kwa PayPal, Payoneer au benki moja kwa moja. Kenya unaweza kuhamisha pesa ya PayPal kwenda M-Pesa. Nchi nyingine jihadhari: kuwa na akaunti ya PayPal hakumaanishi kwamba inaruhusiwa kupokea. Ijaribu kabla. Mtu akutumie dola moja tu. Ikigoma, tumia benki.

Fomu ya kodi ya Marekani. YouTube na wasambazaji wengi wako Marekani, na watakuomba ujaze fomu ya W-8BEN. Watu huiogopa na kuiruka. Ni kosa la gharama. Usipojaza, Google inaweza kukukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya YouTube, kutoka duniani kote. Ukijaza, makato yanahusu mapato ya watazamaji walioko Marekani tu. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo sehemu hiyo ya Marekani inakatwa asilimia 30. Kama watazamaji wako wengi wako Mwanza na Mombasa, makato hayo utayaona madogo sana.

Barua ya PIN. Akaunti ya AdSense, ile ya Google inayolipa pesa za YouTube, ikifika dola 10, Google hutuma PIN (namba ya uthibitisho) kwa posta kuthibitisha anwani, na hailipi mpaka salio lifike dola 100. Weka S.L.P. ambayo kuna mtu anaifungua kweli. Kama ni ya shule au ya kanisa, mwambie katibu mapema kwamba kuna bahasha inakuja.

Umefanikiwa ikiwa: jina kwenye kitambulisho, benki, fomu ya kodi na akaunti ya msambazaji ni lilelile. "Mohamed" hapa na "Mohammed" pale ni pesa iliyokwama.

## Hatua ya 4: Chagua msambazaji

Spotify na Apple Music hazipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwako. Unapitia msambazaji, na huyohuyo anaupeleka Boomplay, TikTok, Instagram na kwingineko. Mdundo na Audiomack unaweza kupakia mwenyewe; ukifanya hivyo, ziondoe kwenye orodha ya msambazaji ili wimbo usitokee mara mbili na kugawa hesabu.

Aina ziko tatu. DistroKid unalipa kila mwaka na kupakia nyimbo uwezavyo, lakini ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa umelipia nyongeza ya kuziacha. CD Baby unalipa mara moja kwa kila toleo na wanachukua asilimia 9 ya mapato. RouteNote ina mpango wa bure unaokata asilimia 15.

Ushauri wangu: anayetoa wimbo mmoja au miwili kwa mwaka asijifunge na ada ya kila mwaka. Siku ukikosa hela ya ada, ndiyo siku wimbo wako utakuwa unatafutwa. Anayetoa kila mwezi, ada ya mwaka inamlipa.

Chagua pia yule anayeweza kugawa malipo mwenyewe kwa asilimia. Ukijaza zile 60 na 40 za rekodi, dola 80 zikiingia, 48 zinaenda kwako na 32 kwa prodyuza, bila nyinyi kutafutana.

## Hatua ya 5: Jaza taarifa za wimbo kama unajaza fomu ya pasipoti

Jina lako la kisanii liandikwe namna moja milele. Ukitoa wimbo mmoja kwa nafasi kati ya maneno na mwingine bila nafasi, Spotify inaweza kukutengenezea kurasa mbili za wasanii wawili. Kama kuna msanii mwingine mwenye jina kama lako, mwambie msambazaji kwamba unahitaji ukurasa mpya. La sivyo wimbo wako utaenda kukaa kwa mtu wa Brazil na mashabiki wake wakushangae.

Aliyeshirikishwa usimwandike ndani ya jina la wimbo. Ana sehemu yake ya kujaza, na hiyo ndiyo inayoufanya wimbo uonekane kwenye ukurasa wake pia.

Sehemu ya watunzi jaza majina ya vitambulisho, si ya kisanii. Lugha weka Kiswahili. Wengi huacha Kiingereza kwa sababu ndiyo iliyokuwa imewekwa, kisha wanashangaa wimbo kupendekezwa kwa wasioelewa neno.

Utapewa ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi hiyo moja. Inakili kwenye ile karatasi ya asilimia. Siku ukihama msambazaji, ingia na ISRC ileile. Ukichukua mpya, hesabu ya usikilizaji inaweza kuanza sifuri.

Tarehe ya kutoka iweke angalau wiki nne mbele. Ukishapata ukurasa wa Spotify for Artists, uombee wimbo nafasi kwenye orodha za nyimbo zinazopangwa na wahariri wa Spotify siku 7 au zaidi kabla haujatoka. Wimbo uliopakiwa Alhamisi usiku ili utoke Ijumaa hauna nafasi hiyo.

Onyo kuhusu wauza views. Usinunue usikilizaji. Tangu 2024 Spotify humtoza msambazaji faini kwa wimbo uliojaa usikilizaji bandia, na msambazaji hukutwisha wewe au kuuondoa wimbo. Mwaka huohuo waliweka sharti kwamba wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mirabaha ya rekodi. Kwa msanii mchanga hesabu inayofaa ni kusukuma wimbo mmoja uvuke 1,000, kuliko kumwaga nyimbo kumi zote zibaki chini.

Umefanikiwa ikiwa: siku ya kutoka, ukitafuta jina lako unakuta ukurasa mmoja, kava sahihi, na ukibonyeza walioshiriki majina yote yapo.

## Hatua ya 6: YouTube, na jinsi ya kula pesa ya video za wengine

YouTube ina milango miwili ya pesa, na wengi wanaujua mmoja.

Mlango wa kwanza ni chaneli yako. Ili kupata mgao wa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au Shorts (video fupi) zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video ya wimbo wa dakika tatu hujaza saa polepole mno. Wanaofika haraka huweka vitu virefu: mazoezi ya bendi, simulizi la jinsi wimbo ulivyotungwa, shoo nzima ya saa moja.

Mlango wa pili ni Content ID, na hauhitaji mfuatiliaji hata mmoja. Huu ni mfumo unaosikiliza video zinazopakiwa na kutambua sauti yako. Harusi ya Tabora iliyotumia wimbo wako, miksi ya DJ wa Nairobi, dada anayepika pilau huku unaimba nyuma yake: mfumo ukiwakamata, pesa ya matangazo ya video hiyo, au sehemu yake, inakuja kwako. Unauwasha kupitia msambazaji. Baadhi hutoza ziada.

Hapa ndipo biti ya kukodi inapokubana. Content ID ni ya mwenye umiliki wa kipekee. Ukiuwasha kwenye biti waliyoikodi na wengine, utawadai wasanii wenzako walioimbia kihalali, nao watalalamika, na unaweza kufungiwa huduma nzima. Vipande vya sauti vya bure vinavyokuja na programu za studio vina shida hiyohiyo vikitumika peke yake bila kuchanganywa. Kama umekodi biti, usiuwashe.

Baada ya kuwasha, peleka kiungo cha chaneli yako kwa msambazaji ili isamehewe. Usipofanya hivyo mfumo utaidai video yako mwenyewe, kisha uanze kupiga kelele mtandaoni kwamba umeibiwa.

Na DJ akikupigia wimbo kwenye miksi, usikimbilie kuomba video ishushwe. Ikishushwa hupati kitu. Ikidaiwa, inakulipa na kukutangaza kwa pamoja.

Umefanikiwa ikiwa: ripoti ya msambazaji ina mstari wa mapato ya YouTube kutoka video ambazo hujawahi kuziona.

## Hatua ya 7: Miito ya simu

Mwito wa simu ni wimbo anaousikia anayekupigia kabla hujapokea. Usiidharau miito kwa kuwa ni ya zamani. Kenya, Skiza ya Safaricom bado ni kipato cha wengi, hasa nyimbo za injili. Tanzania kampuni za simu zina huduma za aina hiyo.

Huingii mwenyewe, unapitia kampuni ya maudhui yenye mkataba na mtandao wa simu. Soma mambo manne kwenye mkataba: asilimia yako ni ya kabla au baada ya makato, mkataba ni wa muda gani, unakufunga kwa miito tu au kwa kila kitu, na ripoti utaziona kila lini. Ukikuta maneno "haki zote", usisaini hadi yabadilishwe yasomeke "haki ya miito ya simu pekee".

Kata sekunde zenye kiitikio, usianze na ala. Anayepiga simu anasikia sekunde chache tu kabla haijapokelewa. Ukipewa namba ya mwito, iweke kwenye kila posta na kila maelezo ya video. Kenya mteja huituma kwenda 811.

## Hatua ya 8: Nyimbo za kuagizwa

Hii ndiyo pesa ya haraka kuliko zote zilizotajwa hapa, na haihitaji umaarufu. Watu wanalipa wimbo wenye majina yao kwa ajili ya harusi, sendofu, kitchen party, mahafali, hata kampeni ya SACCOS. Wateja wazuri zaidi mara nyingi ni ndugu walioko Muscat, London au Toronto wanaotaka kutuma zawadi nyumbani.

Weka sampuli ya sekunde 30 kwenye status, na ujumbe wa kujibu uwe tayari:

"Asante dada kwa kuulizia. Wimbo ni dakika 3, majina hadi manne, marekebisho ya maneno mara moja. Unalipia nusu kabla, nusu ukishasikia kipande. Siku 7 unakuwa tayari. Nitumie majina jinsi yanavyotamkwa, kwa sauti, usiandike."

Ombi la sauti ni muhimu. Jina la mama mkwe likikosewa kutamkwa, umerudi studio kwa gharama zako.

Pokea malipo kwa Lipa Namba au Till yenye jina la kazi, ili mteja aone jina kabla ya kutuma. Na andika kwenye ujumbe kwamba mteja anaruhusiwa kuutumia kwenye shughuli yake na mitandao yake, ila utunzi na melodi vinabaki vyako. Bila maneno hayo, melodi unayoipenda kuliko zote itakuwa umeiuza kwa bei ya sendofu.

## Hatua ya 9: Soma ripoti, usisome salio tu

Mapato ya Spotify na wenzake huonekana kwa msambazaji baada ya miezi miwili au mitatu. Wimbo wa Januari usiutarajie Februari.

Ripoti ikija, angalia safu ya nchi. Usikilizaji mmoja wa Uingereza au Marekani hulipa zaidi ya mmoja wa kwetu, kwa sababu usajili na matangazo ya huko ni ghali. Ukiona wasikilizaji wa Oman au Marekani wanapanda, huko ndiko kwa kupeleka matangazo ya wimbo na ya nyimbo za kuagizwa.

Ukiwa na wasikilizaji Marekani, jiunge na taasisi mbili za huko zisizotoza ada ya kujiunga. The MLC hukusanya mirabaha ya watunzi kwa usikilizaji wa mtandaoni tangu 2021. SoundExchange hukusanya ya waimbaji na wenye rekodi kwa redio za intaneti kama Pandora. Msambazaji wa kawaida hagusi pesa hizo. Watakuomba zile ISRC ulizonakili.

Mwisho, linganisha. Video ya wimbo ikiwa na watazamaji wengi na mstari wa YouTube ni sifuri, rudi hatua ya 6 uone kama Content ID imewashwa. Usikilizaji ukiwepo na malipo yamesimama, rudi hatua ya 3 ukague jina na fomu ya kodi. Mwenzako akikuambia hajapata mgao wake, mtumie picha ya karatasi ya hatua ya 1 pamoja na ukurasa wa ripoti, kabla hajaanza kuuliza watu wengine.